Wacha Waniite Mchoyo wa Vidonge

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniazima pumzi, akaichukua karibu yote, kisha akanirudishia nami sina cha kumlipa. Namshukuru kwa asubuhi hii, kwa chai iliyo mbele yangu, na kwa kifua ambacho sasa kinanyamaza ninaposoma. Rehema na amani ziwafikie mitume wake, na ziwafikie pia wale wote wanaoamka mapema kuhudumia wagonjwa wasio ndugu zao.

Jina langu ni Amisi. Nimefundisha watoto Kurani kwa zaidi ya miaka thelathini, katika kijiji kilicho kando ya njia ya kutoka Kasongo kwenda Wamaza. Naandika kwa ajili ya yule anayekohoa akificha mdomo kwa kitambaa na kusema ni baridi tu. Habari za ugonjwa huu unatoka wapi na unaingiaje, waulizeni waganga wa hospitali. Mimi nitasema nilivyokosea, kwa sababu kosa langu ni kosa la mtu anayejiona mwema, na kosa la namna hiyo halijutiwi upesi.

Ulianza mwishoni mwa kiangazi, watu walipokuwa wanachoma mashamba. Nilidhani ni moshi. Moshi ukaisha, kikohozi kikabaki. Jioni nilitetemeka, alfajiri mkeka ulikuwa umelowa kama umetoka mtoni. Pete yangu ya ndoa ilianguka kwenye ndoo nikitawadha, kidole kilikuwa kimebaki mfupa. Kilichoniumiza kuliko yote ni sauti. Nilianza sura ninayoijua tangu utoto, nikafika katikati, pumzi ikakatika. Watoto walitazamana. Mmoja mwenye huruma akaimalizia yeye.

Binamu yangu alikuja na maelezo yake tayari. Kwamba jirani yangu wa shambani ananionea wivu, kwamba kuna mtu kule mbele anayeweza kumtaja kwa jina. Nilimwambia, "Ndugu, nimefundisha maisha yangu yote kwamba uhai uko mkononi mwa Mungu. Unataka niuhamishie mkononi mwa jirani yangu?" Alikasirika akaondoka bila kula. Mke wangu, Mama Zaina, hakubishana na mtu. Alifunga nguo zangu kwenye kitenge, akaita pikipiki, akanipandisha nyuma yake nikiwa nimeshikiliwa kama gunia la mpunga, hadi Kasongo, kwa Mwajuma, mtoto wa dada yangu.

Huko kwenye kituo cha afya nilitoa makohozi, nikaambiwa: kifua kikuu. Miezi sita ya dawa. Miwili ya kwanza ningekunywa kila asubuhi mbele ya muuguzi, kabla ya kula.

Muuguzi huyo wote humwita Muganga Feza. Umri wake ni sawa na wa Zaina, binti yangu wa kwanza. Kila siku ya Mungu aliniuliza jina langu.

Siku ya nne nilichoka. "Muganga, jana uliniuliza, juzi uliniuliza. Leo umesahau?"

"Mi' sijasahau, Mwalimu. Kidonge njo hakikujui. Angalia kwenye benchi. Amisi wawili wako pale. Ule wa Nyangwe iko na kilo kukupita, anakunywa vine. Wewe vitatu. Nikichanganya, nani atajibu?"

Yule Amisi mwingine, mchuuzi wa samaki, mtu mnene wa sauti hata katika ugonjwa, alipaza kutoka kwenye benchi: "Mwalimu, jibu haraka! Watu wako na njaa hapa. Ukiendelea kubishana tutakula benchi!"

Benchi zima likacheka, na kucheka kukatutia kikohozi sote, tukainama pamoja. Nikataja jina langu na la baba yangu. Akasoma kadi yangu, tunayoiita fishi, akanionyesha vidonge kwenye kiganja, akavihesabu kwa sauti, akanipa maji, akangoja nimeze, akanisemesha ili ahakikishe kinywa ni kitupu. Ndipo akaandika. Hakuwahi kuandika kabla. Niliona mgonjwa mmoja akimwambia, "Andika tu, nitakunywa nyumbani." Akamjibu, "Kalamu yangu haisemi uongo, baba. Kunywa."

Kisha akanifundisha, na hapo nilishangaa, maana alifundisha kama mimi. Alisema neno, akanyamaza, akasema, "Sasa unirudishie." Ndivyo tunavyofanya na watoto: hatuulizi kama wameelewa, maana wote husema ndiyo. Tunawaambia warudishe.

Nikarudisha. Vyote vitatu pamoja, asubuhi, kabla ya chakula. Mkojo utakuwa mwekundu kama mawese, nisiogope, si damu. Macho yakiwa ya njano au nikitapika, nije siku ileile. Nikipata nguvu nisiache. Na neno la mwisho: dawa hizi ni za Amisi peke yake, nisimpe mtu.

Nilirudisha yote matano bila kosa. Akasema, "Mwanafunzi muzuri." Lakini lile la mwisho nililirudisha kwa mdomo tu, kama mtoto anayejua sura bila kujua inamwamuru nini.

Miezi miwili ile niliihesabu kwa benchi lile. Mwajuma alinipikia sombe, majani ya muhogo, na karanga nyingi nilipomaliza kumeza, akanikemea nikiacha. Pete ilianza kukaa tena kidoleni, ingawa niliifungia uzi. Mvua zikaanza, watu wakapanda mpunga. Makohozi yakapimwa tena, yakawa safi. Nikaruhusiwa kurudi nyumbani na dawa za mwezi, nije kila mwezi na zile plaketi tupu, yaani vile vibati vinavyobaki ukishatoa vidonge, ili Muganga Feza avihesabu.

Nyumbani nilisema uongo. Walioniuliza niliwajibu, "Ni baridi ya kifua, imepona." Nilijitetea kwamba watoto wasingekuja kusoma kwa mwalimu mwenye kifua kikuu. Kumbe aliyeogopa ni mimi.

Asubuhi moja ya mvua mdogo wangu Ramazani alikuja. Tunafuatana, mimi na yeye, hakuna mwingine kati yetu. Alikaa kizingitini, akakohoa, nami nikakitambua kikohozi kile kama mtu anavyotambua nyayo za mtu wa nyumbani.

"Yaya," alisema, kwetu ndivyo huitwa kaka mkubwa, "ile dawa yako ya baridi iko na nguvu. Nilikuona ukiondoka maiti, umerudi mutu."

"Nenda Kasongo, wakupime."

"Nani atavuna? Na wakiniona kwenye lile benchi, nani atamuoa binti yangu? Nipe kidogo ya kwako."

Nisikilize, msomaji, kabla hujanihukumu. Kwetu mwanamume anayekula mlango ukiwa umefungwa hana jina. Mimi na Ramazani tulipokuwa wadogo tulikuwa na shati moja la shule. Leo nalivaa mimi, kesho yeye, na siku isiyo zamu yako unakaa nyumbani. Baba yetu aliliita shati la haki. Basi nikatoa vidonge vyangu vitatu vya siku ile nikampa. Kesho yake nikanywa mimi. Kesho kutwa yeye. Kwa zamu, kama shati; siku yake alimtuma mkewe avichukue. Usiku nilimshukuru Mungu kwa kuniwezesha kutoa. Nililala usingizi wa mwenye haki.

Na plaketi zilimalizika sawasawa. Dawa ikigawanywa, kibati kinabaki kitupu vilevile. Mwezi ulipoisha nilizipeleka Kasongo, Muganga Feza akahesabu, akaridhika.

Mwezi wa tano nilikwenda kupimwa. Jasho la usiku lilikuwa limerudi, nami nilijiambia ni joto. Nilitoa makohozi labo, yaani maabara, nikaingia kwake, nikaweka plaketi mezani. Akahesabu.

"Unirudishie, Mwalimu."

Nikaanza. Vitatu pamoja. Kabla ya kula. Mkojo mwekundu. Macho ya njano. Nisiache. Nikafika kwenye neno la tano, na sauti ikanikatika kama ilivyonikatika mbele ya watoto, ingawa safari hii pumzi ilikuwepo.

Alisukuma plaketi kando. Kisha akasema polepole: "Siku ya soko mama mumoja alikuja hapa na gunia ya mupunga kwenye baiskeli. Analia. Anasema bwana yake anakojoa damu. Amejifungia ndani, amekataa hata kuaga watoto, anasema ni ya kulogwa. Nikamuuliza, ni kila siku? Anasema hapana, siku moja nyekundu, siku moja safi. Siku moja nyekundu, siku moja safi. Nikamuuliza, bwana yako anakunywa dawa ya nani? Anasema, ya yaya yake. Mwalimu."

Mke wa Ramazani. Alikuwa amesafiri kutwa nzima na mzigo wake, wala hakuniambia, kwa sababu mumewe alimkataza. Mimi ninayekaa hatua mia moja kutoka mlangoni pao sikujua kwamba mdogo wangu anangoja kufa. Sikumwambia kuhusu mkojo. Ingekuwaje nizungumze mambo ya choo na mdogo wangu?

Nilijitetea. Mzee aliyekosea hujitetea kwanza. "Muganga, nimesoma. Kutoa ni ibada. Ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ningekula peke yangu akitazama?"

"Mi' niko Mukristo, sijui kitabu chako," alisema. "Lakini nikuulize. Mutoto akijua nusu ya somo, siku moja anakuja, siku moja haji, unamupa ruhusa akafundishe wengine?"

"Hapana. Mpaka amalize, nami nimsikie."

"Njo hivyo. Huo ugonjwa nao ni mwanafunzi. Ukiupiga leo, kesho ukauacha, unaufundisha kupigana. Ulimupa ndugu yako nusu ya dawa. Na hukumupa hata neno moja lake. Kidonge bila maneno yake, Mwalimu, ni jiwe tu unamupa mutu ameze."

Akaongeza, sauti imeshuka: "Na mi' niko na kosa. Nilihesabu vibati. Sikukuuliza, kwako nani anakohoa."

Katika uzee wangu nimesikia viongozi wengi wakiongea. Wachache wamewahi kusema hivyo mbele yangu.

Jibu la labo likaja kabla ya adhuhuri. Ugonjwa umerudi. Sasa kipimo kingine, cha mashine, kingetuambia kama umeshaizoea dawa. Ikiwa umeizoea, njia itakuwa ndefu na dawa zake ni za mbali. Na Ramazani naye apimwe hivyohivyo, upesi. "Usimupe tena hata kimoja," alisema. "Umulete."

Nilirudi nyumbani juu ya pikipiki katika matope, na njia nzima nilikuwa na hasira. Kwanza na binti yule muuguzi. Tulipovuka mto wa pili hasira ikahamia kwangu. Tulipofika kijijini ilikuwa imehamia mahali pake hasa, kwenye ugonjwa wenyewe, uliokula kwenye sahani yetu ukijifanya ndugu wa tatu. Nilisema kwa sauti, dereva akidhani namsemesha yeye: "Hunipati. Wala mdogo wangu humpati."

Ramazani alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Mudogo wangu, siyo damu. Ni rangi ya dawa. Hata mimi nakojoa hivyo. Nilipaswa kukuambia."

Aligeuka. Akaanza kucheka bila sauti, machozi yakimtoka. "Wiki tatu, Yaya. Wiki tatu nimeaga dunia. Nimeshamugawia jirani Omari jembe langu!"

"Basi umuambie hujafa, akurudishie jembe."

Alinyoosha mkono. "Basi nipe ya leo. Leo ni zamu yangu."

"Sikupi."

"Namna gani?"

"Sikupi. Twende Kasongo upewe za kwako."

Uso wake ulibadilika. "Kwa hiyo sasa unaninyima. Tulivaa shati moja, leo unaninyima kidonge. Umekuwa muchoyo uzeeni, Yaya."

Neno hilo kwetu linauma kuliko kofi. Nilikaa nalo. Na sikumpa.

Alikataa kwenda. Aibu ya benchi ilimshinda kuliko kifo. Nilikaa siku mbili nikiomba Mungu anionyeshe njia, na njia ilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo, mimi tu sikuitaka. Ijumaa, baada ya swala, nilisimama mbele ya watu. Nilisema: "Niliwaambia ni baridi. Niliwadanganya. Ni kifua kikuu. Nilipata nafuu, nikacheza na dawa, umerudi. Kesho nakwenda kuanza upya. Anayetaka kumtoa mtoto wake katika madrasa yangu amtoe, sitamlaumu. Anayekohoa majuma mawili, pikipiki inaondoka asubuhi."

Jina la mtu mwingine sikulitaja. Mzee mmoja alisogea mbali nami, nilimwona. Mwingine alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sasa nawakumbuka wote wawili bila chuki, ila wa pili namkumbuka kwa jina katika dua.

Asubuhi, Mama Zaina akinifungia kitenge changu kilekile, Ramazani alitokea kwenye ukungu amevaa koti, mkewe akimshika.

"Hiyo pikipiki inabeba wawili?" aliuliza, bila kunitazama.

"Inabeba watatu, na dereva ndiye wa tatu. Panda."

Benchi lilikuwa palepale. Yule Amisi wa Nyangwe alikuwa amemaliza dawa zake, lakini alikuja siku hiyo kuleta samaki wakavu kwa waliobaki. Alimtazama Ramazani, akasogea kumpa nafasi. "Kaa, mutu wa Mungu. Hapa hatuogopani. Hapa tunaogopa njaa tu." Ramazani akacheka, akakohoa, akawa mmoja wetu.

Siku tatu tulingoja jibu la mashine. Kungoja kule kulikuwa kuzito kuliko ugonjwa. Kama mdogo wangu alikuwa na ugonjwa uliokwisha kuizoea dawa, basi ni mimi niliyeuzoeza, kwa mkono wangu, kwa jina la wema. Sikuomba nipone mimi. Niliomba kosa langu lisimfikie. Siku ya tatu Muganga Feza alitoka na karatasi mbili, na hata siku ile, ninyi mliokaa na wagonjwa mtaniamini, aliuliza kwanza: "Jina lako?"

Nikataja. Ramazani akataja.

"Dawa bado inaushinda," alisema. "Kwa wote wawili. Mungu amewavumilia. Mi' sitawavumilia mara ya pili."

Niliinama nikasujudu palepale, kwenye sakafu ya saruji iliyonukia dawa ya kusafishia.

Tulianza upya miezi sita, kila mtu na fishi yake, kila mtu na vidonge vyake. Mpunga wetu ulivunwa na wake zetu na majirani, mwingine ukaliwa na ndege. Ramadhani ilitukuta katika mwezi wa pili. Nilikunywa maji mchana mlangoni kwa Mwajuma, sikujificha, maana mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake na nimeifundisha ruhusa hiyo mwenyewe. Funga zangu nimezilipa baadaye. Tuliporudi kijijini, kila asubuhi nilikwenda kwa Ramazani. Nilimuuliza jina lake.

"Yaya, tumenyonya ziwa moja!"

"Kidonge hakikujui. Jina."

Alitaja, akameza, akarudisha maneno yote matano, la mwisho kwa sauti kubwa ili majirani wasikie. Kiangazi kilipofika tulipimwa, wote safi. Yeye hawezi tena kubeba gunia la mpunga. Upande mmoja wa kifua chake umebaki na kovu, na anapanda kilima akipumzika mara mbili. Ananisubirisha, nami nasubiri. Nilichangia kulitengeneza kovu hilo na sitamficha Mungu. Watoto wangu wa madrasa waliondoka saba. Watano wamerudi.

Bado tulikuwa kwenye dawa, rafiki yangu wa siku nyingi, Shabani, aliponijia. Mkewe anakohoa. "Nipe viwili tu, Mwalimu, vimutie nguvu. Uko na vingi, nimeona."

"Sina cha kukupa."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu nina vyangu vitatu, na huyo mama atapata vyake. Jumatatu nampeleka mwenyewe."

Alisimama akakung'uta kanzu. "Mudogo wako njo alisema kweli. Muchoyo."

"Wa vidonge," nilimjibu. "Chakula kiko ndani, kaa tule."

Hakukaa. Lakini Jumatatu mkewe alikuwa barabarani kabla yangu, amejifunga mtandio mdomoni kama nilivyomwagiza. Kwenye benchi la Kasongo nilimwona akishtuka Muganga Feza alipomuuliza jina lake, halafu kesho yake akishtuka tena alipoulizwa lilelile. Akanigeukia, akanong'ona, "Huyu mutoto iko na usahaulifu?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Jibu tu."

Basi wacha waniite. Nimeitwa mwalimu, nimeitwa mzee, na sasa naitwa mchoyo katika vijiji vitatu. Mdogo wangu anaishi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe pumzi ndefu na usingizi mkavu. Akikuandikia ugonjwa, akuandikie pamoja nao dawa iliyo yako na maneno yake yote. Akupe ndugu anayekupenda hata kukunyima. Na kila asubuhi ya kuugua kwako, akuletee mtu asiyechoka kukuuliza wewe ni nani. Amina.